Muda wa Mama Rukia

Siku hizi mshiriki wa triathlon nusu hajipangii muda wake wa kumaliza. Anapangiwa na anayeishi naye, kwa kuwa huyo ndiye anayemwona akirudi kutoka mazoezini.

Shaweji alishawatangazia wenzake kazini kwamba kuogelea, baiskeli na mbio, vyote atavimaliza kwa saa tano. Kwenye banda la usajili, mashine ya kuandikisha ikamgeukia mkewe, ikamuuliza muda.

"Saa saba na nusu," akasema Mama Rukia. "Kwenye maji yuko vizuri. Baiskeli anaikimbiza mno mwanzoni, halafu mbio zinamshinda, anatembea. Akirudi anakaa kwanza kwenye ngazi, ili tusimwone anavyohema."

Watu kwenye foleni wakacheka chinichini. Shaweji akainamia viatu vyake. Alidhani pale kwenye ngazi hakuna aliyemwona.

"Anayefuata," ikasema mashine. Mama Rukia akasogea, akaweka kidole kwenye mashine, ajisajili naye.

"Na wewe?" Shaweji akauliza.

"Najifua tangu mwaka jana, Baba Rukia. Alfajiri, ukiwa umelala."

Mashine ikamgeukia Shaweji. Akamtazama mkewe: mabega yametanuka, alama ya miwani ya kuogelea imezunguka macho. Alama ile aliiona kila asubuhi mkewe alipommiminia chai, akadhani ni usingizi.

"Saa..." akaanza. Hakujua hata anaogelea wapi.

Mashine ikangoja. Kisha ikauliza kwa upole, foleni nzima ikisikia:

"Samahani, bwana. Huyu mama anaishi na nani?"