Mkono wa Bi Rehani

"Wasiotaka kiwanda cha zamani kifungwe, wanyooshe mikono," alisema mwenyekiti.

Bi Rehani alinyoosha wake. Zamani mkono huo ulitosha, kwani zaidi ya nusu ya hisa za kampuni ya sabuni zilikuwa zake. Mwezi uliopita alikubali kampuni itoe hisa mpya, ili iwalipe nazo wenye kampuni shindani na kuinunua bila fedha taslimu. Leo wenye hisa hizo mpya walijaa viti vya mbele, mikono mapajani.

"Kura hazikutosha, shangazi," alisema mwenyekiti, mtoto wa kaka yake.

"Nani kachukua hisa zangu?"

"Hakuna. Zako zote zipo. Ila za wenzako sasa ni nyingi kuliko zako."

"Na akina Chausiku wanaopika sabuni pale? Niliwaahidi hapafungwi."

"Wataelewa."

"Shusha mkono, bibi, utakufa ganzi," mmoja wa waliokaa mbele alimtania, wenzake wakacheka.

Hakuushusha. Watu walitoka wakipongezana. Mhudumu, akidhani anaitwa, alimletea kikombe cha chai, akasimama mbele yake asijue pa kukiweka.