Uzito wa Kanali

Mkia wa mamba Kanali ulimpiga mfanyakazi Mick, mbavu zikalia kama kuni kavu. Akarushwa hadi kwenye wavu, damu ikimchuruzika puani.

"Mkalieni!" alifoka Merle, na pamoja na uzee wake wote akarukia mgongo wa yule mamba. Wanaume wanne wakamfuata. Gunia lililoloa likafunika macho, kamba ikabana taya.

Darryl, mwenye mamba, alikuwa kando. "Dada, si tupime urefu tu? Utatuulia watu."

"Umeogopa mizani, mdogo wangu? Kinachotakiwa ni uzito."

Jarida moja lilikuwa linapanga bustani za wanyama za kaskazini mwa Queensland, Australia, ya kwanza hadi ya mwisho. Ya Merle na ya Darryl zililingana eneo, sifa, hata wingi wa wanyama. Ilibaki kujua nani ana mamba mzito zaidi. Wa pili angekosa watalii, afunge, mamba wake wauzwe wakachunwe ngozi. Asubuhi hiyo Askofu, mamba wa Merle, alikuwa ameshapimwa.

"Angekuwepo mkeo, wifi yangu Noelene, angenishangilia," Merle alisema wakimburuta Kanali. "Na yale mabuti yake mekundu niliyompa Krismasi."

"Nimeshakwambia, kaenda Perth kwa mama yake."

"Bila hata kuniaga!"

Winchi ikamnyanyua Kanali. Bwana Pettifer wa jarida akasoma mizani, akasoma tena. Kanali alimzidi Askofu kilo hamsini na kitu.

Darryl hakushangilia. Alikuwa anatokwa jasho.

Merle akamtazama, akawageukia wafanyakazi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kashinda, lakini kanuna."

Merle akamnyooshea Darryl kidole.

"Mwizi! Kamlisha nguruwe mzima! Nani hapa hajui kwamba mamba hunyimwa chakula kabla ya kukamatwa, maana akikabwa hutapika? Mfungueni mdomo tumwone huyo nguruwe!"

"Haya, nimemlisha nguruwe!" Darryl alipiga kelele. "Ushindi chukua wewe, dada. Mrudisheni majini. Sasa hivi!"

Lakini Merle alishachomoa kisu. Darryl akanyakua nondo, akamtandika nayo begani, mfupa ukaalika. Merle akamtia kiwiko cha meno, akaangukia zile taya, akaanza kuikata kamba kwa mkono uliobaki.

"Dada, nakusihi!" Darryl alilia, damu imemjaa kinywani. Wanaume wawili walikuwa wamemkandamiza kwenye matope.

Yote haya kwa ajili ya nguruwe mmoja? Merle alijiuliza.

Kamba ikakatika. Kanali akajikunja, akakoroma, akaanza kutapika. Merle akainama, bega linaning'inia, huku akicheka, amwoneshe Pettifer huyo nguruwe.

Cha kwanza kutoka kilikuwa buti jekundu.