Daraja la Saba

Askari alitumbukia mtoni kwa mara ya tisa, na mteja mwenye povu nusu ya kidevu akakohoa.

"Samahani, mzee," kinyozi akasema, akiirudisha simu mfukoni. "Hizi simu zinachelewa. Unabonyeza leo, yeye anaruka kesho."

"Mimi naona kinachochelewa ni kidole," mteja akajibu. "Na usije ukachelewa hivyo na huo wembe."

Askari mwenyewe alikuwa mfupi, amevaa ndoo kichwani, na mchezo wake ulikuwa wa enzi za kaseti za kupulizwa vumbi. Unavuka madaraja saba yaliyokatika katikati, unafika langoni, bendera zinapanda. Basi. Lakini mdogo wake kinyozi, ambaye ni mkunga, alikuwa anahamia kituo cha mbali Jumapili, na kila alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, jibu lilikuwa moja.

"Nataka kuona bendera zikipanda, kaka. Kama zamani."

Angekataaje? Utotoni yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa nyumba. Bendera zilipanda kila Jumamosi, mama akiwa anafua, na hakuna mtoto mwingine mtaani aliyewahi kulivuka daraja la saba.

Ila kulikuwa na jambo lililomkaa kooni. Ule mchezo ulikuwa wa mtu mmoja. Mdogo wake alikuwa akimganda kama kupe, akilia naye anataka, hata siku moja hakumwacha acheze peke yake. Ndipo alipompa pedi ya pili ya kuchezea na kumwambia, "Mimi namkimbiza, wewe unamrusha. Sawa?" Mtoto wa watu akaamini. Miaka minne alikaa juu ya mkeka, ulimi nje, akibonyeza kwa bidii kitufe kimoja tu. Mpaka leo huwaambia wenzake kazini, "Mimi na kaka tuliumaliza ule mchezo," na kinyozi akiwapo hujikuta anatazama viatu vyake.

Safari hii angemwambia ukweli. Bendera kwanza, ukweli baadaye.

Jumatano akaomba kompyuta ya jirani yake mpiga chapa. Daraja la kwanza hadi la sita, mteremko. La saba, chubwi. Alhamisi mteja mmoja akamwazima kimashine kipya kilichotengenezwa kufanana na kile cha zamani, kidogo kama kipande cha sabuni, kina michezo mia tumboni. Chubwi.

"Vitu vya siku hizi havina roho," akatangaza kinyozi, na wateja wote wanne kwenye benchi wakaangua kicheko.

Jumamosi mchana akaenda kwa mama yake, akapanda juu ya kiti na kuishusha mashine yenyewe kutoka juu ya kabati, imefungwa kwenye shuka.

"Hiyo si ndiyo ile iliyoungua tundu moja la pedi," mama akasema, akiishikilia miguu ya kiti, "fundi akayaunganisha yote mawili kwa waya mmoja? Yule baba Mungu ambariki. Tangu siku ile nilipata amani humu ndani."

"Eeh, mama," kinyozi akaitika. Alikuwa anapuliza kaseti, hakusikia hata nusu.

Televisheni ya zamani ikakoroma, ikawaka. Askari akatokea na ndoo yake. Hapo hapakuwa na simu wala kompyuta ya kusingizia. Kinyozi akakunja mikono ya shati.

Chubwi.

Akafuta pedi kwa kanga ya mama. Chubwi.

"Hodi! Mmeanza bila mimi?" Mdogo wake akaingia bado amevaa sare za kazi, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani bega kwa bega naye. Bila hata kufikiri akaivuta pedi ya pili na kuiweka mapajani. "Haya kaka, mkimbize."

Akamkimbiza. Daraja la kwanza hadi la sita, kama kawaida. La saba, askari akapaa, ndoo ikayumba, akatua ng'ambo kwa unyayo wote. Lango likafunguka. Bendera zikapanda, moja nyekundu, moja ya manjano, na ule wimbo wa mlio wa mbu ukajaa sebuleni. Mama akapiga makofi kutoka jikoni.

"Umeona?" kinyozi akasema, kijasho kikimtoka. "Mashine yenyewe ni hii. Nyingine zote usanii."

Mdogo wake alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sare. Kinyozi akamtazama. Mchezo ukaanza upya wenyewe, naye akamfikisha askari ukingoni mwa daraja la kwanza, akamsimamisha pale.

"Kifaranga," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu amalize shule. "Ile pedi yako. Nilikudanganya. Haikuwa na kazi yoyote, nilitaka unyamaze tu. Miaka yote ile nilikuwa nacheza peke yangu. Unisamehe."

Mdogo wake hakukasirika. Alimwangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia baba anayetaka kuzimia kwenye wodi ya wazazi.

"Kaka," akasema polepole. "Weka pedi yako chini."

Akaiweka chini, akailaza mikono yake miwili mapajani.

Kwenye kioo, askari mwenye ndoo akarudi nyuma hatua tatu, akakimbia, akaruka.

Hakuchelewa hata kidogo.