Sauti ya Kocha Lwitiko

Kwa mujibu wa sheria, sauti ya mkufunzi aliyekitumikia chuo hadi kustaafu ilikuwa mali ya chuo. Kocha Lwitiko aliikabidhi yake pamoja na filimbi na funguo za stoo ya mipira, naye akapewa sauti ya wastaafu, ile ile waliyopewa wenzake wote wilayani. Haikuwa mbaya. Ilikuwa laini, ila haikuweza kupaa.

Mwanawe Gwamaka alipopiga simu alilazimika kuuliza, "Samahani, naongea na nani?" Lwitiko alijitambulisha, wala hakuona uchungu.

Uwanja wa chuo ulikuwa ng'ambo ya barabara, na kila alasiri mtambo uliwafundisha vijana kwa sauti aliyoiacha. Mkewe, Atupele, alizoea kufungua dirisha mapema na kuvuta kiti karibu.

"Beki, panda!" spika zikanguruma. "We Ambakisye, umekuja kucheza mpira au kuposa?"

Atupele akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Lwitiko akajaribu kukumbuka ni lini alimchekesha hivyo tangu astaafu. Hakukumbuka.

"Mama Gwamaka," akasema kwa ile sauti laini, "naona tuhame. Twende mbali na uwanja huu, tukaishi mimi na wewe tu."

Atupele akainua kiganja kumnyamazisha, bila kugeuka.

"Ngoja kwanza, mzee," akasema. "Baba Gwamaka anaongea."

Lwitiko akavuta kiti chake dirishani, akaketi kando yake kumsikiliza.