Mahrus Hajasomwa

Mashua ilikuwa imeshaacha ukingo wa bandari ya Anfushi, kamba zimekunjwa na injini inakohoa, na mzee alikuwa bado anagomba.

"Orodha yenu ina pengo. Nilisema mwaka jana, nasema na leo. Msomeni Mahrus."

Zaghlul, mwenyekiti wa chama cha mabaharia wa zamani, aliikunjua karatasi, akaikunja tena. "Hajji Mahrus, niache nipumue. Hii ni orodha ya waliozama. Nikusome wewe, na huku unatafuna taamiya yangu?"

Mashua nzima ikacheka. Mzee hakucheka. Huu ulikuwa mwaka wa saba anaomba kitu hicho hicho kimoja, na ulikuwa wa mwisho. Wakubwa wa bandari walishaandika barua: wazee hawa wasitolewe tena baharini, wataanguka. Jina lisiposomwa leo, halitasomwa.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mnara wa taa ukishaonekana mdogo kama kijiti cha kiberiti, injini huzimwa. Mwenyekiti husoma majina ya waliozama na meli yao ya kutegua mabomu, mwaka wa vita. Kila jina likiitwa, aliye hai humjibia marehemu, "Afandim!", kama marehemu mwenyewe alivyokuwa akijibu kwenye paredi ya asubuhi. Asiyejibiwa ni sawa na mtoro.

"Mahrus alizama," mzee alisema.

Nagat, binti yake, alimfunika shali mabegani. "Moyo wako ndio uliozama, Baba. Wewe ulirudi."

"Mimi nimetaja moyo? Nani hapa ametaja moyo?"

"Hajji anasema kweli," Zaghlul akadakia, macho yameshalowa. "Mimi nilikuwa meli ya nyuma yao, kama wenzangu hawa; wao tuliwajua kwa majina tu. Niliiona meli yao ikipasuka. Siku ile sote tulikufa."

"Wewe hukufa, Zaghlul. Ulinenepa."

Wakacheka tena. Mzee akapiga ubao kwa kiganja. Kila alichokisema waziwazi, wao walikifanya shairi.

"Nisikilizeni. Mnakumbuka tulivyokuwa tukipeana likizo? Kama sigara?"

"Tulipeana likizo, tulipeana zamu, tulipeana hata soksi," alisema Zaghlul. "Lakini daftari la lango lipo. Mahrus Abu Sitta, likizo siku nne, ametoka saa tatu asubuhi. Unabishana na daftari, Hajji?"

"Askari wa lango alitazama karatasi. Uso hakuutazama."

"Bikhit!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Jamani, mnamkumbuka Bikhit wa lango? Alikuwa analala amesimama!"

"Na mdomo wazi!"

"Inzi wanaingia kwa pasi na kutoka kwa pasi!"

Basi mazungumzo yakaenda kwa Bikhit, yakakaa huko. Mzee akabaki na maneno yake mkononi kama mtu aliyenunua samaki akakuta jiko limezimwa.

Nagat naye alikuwa akiwasimulia wanawake wa pembeni. "Bibi yangu alikuwa haoni. Baba alipofika na likizo yake, bibi alimpapasa uso pale pale mlangoni, akasema, mwanangu, jeshi limekukondesha! Kesho yake habari ya meli ikaja. Basi bibi hakumwachia tena mkono, mpaka jeshi lilipokuja kumwita likampeleka kambi ya Bahari ya Shamu."

"Nagat," mzee alisema.

"Naam, Baba."

Mkono wake ulikuwa juu ya goti la mzee, una joto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza.

"Nipe chai."

Injini ikazimwa. Wakavua kofia. Zaghlul akasoma, na sauti za kizee zikajibu, nyingine kwa machozi. "Afandim!" "Afandim!"

"Shehata Abdel-Mawgud!"

Zaghlul akamgeukia mzee. "Mjibie basi. Rafiki yako, mlilala kitanda cha chini na cha juu. Yatima yule, hana mwingine duniani."

"Sitaki."

"Miaka saba humjibii! Alikukosea nini maskini yule?"

"Mwoga."

"Mtu aliyezama na meli yake ni mwoga?"

Nagat aliona haya mbele za watu, akajibu yeye. "Afandim!"

Mzee aligeuza uso kama aliyepigwa kofi.

Majina yakaisha. Karatasi ikakunjwa, ikaingia mfukoni, maua yakatupwa majini. Usukani ulikuwa umeanza kugeuzwa pale mzee aliposimama, amejishika ukingoni.

"Mahrus Abu Sitta!"

Hakuna aliyejibu. Mmoja alicheka puani.

"Jibu basi, Baba," Nagat alinong'ona. "Si ni wewe?"

Aliwatazama mmoja mmoja, mzima kwa mgonjwa. Akangoja. Basi akakaza magoti, akajibu mwenyewe, kwa nguvu:

"Afandim!"

Wakampigia makofi. Zaghlul alimbusu kichwani. "Mungu akuweke, Hajji! Bado upo!"

"Acheni makofi," mzee alisema. "Acheni, wajinga nyie."

Wakazidi kupiga.

Safari ile haikurudiwa. Zaghlul alifariki msimu wa baridi uliofuata, kwa maradhi ya moyo, na chama kikafungwa. Nagat bado anaishi mtaa ule ule na wajukuu wawili. Mahrus Abu Sitta yuko chini ya maji pamoja na meli, tangu mwaka wa vita. Shehata Abdel-Mawgud alizikwa mwezi wa Rajabu, umri miaka themanini na moja, ubavuni mwa mama kipofu ambaye hakumzaa.