Mkanda wa Jenerali

Radovan, rubani wa maonyesho, alisimama kwenye ngazi ya ndege akauvuta mkanda tena. Kifungo kiligoma, kikaishia juu ya tumbo la Jenerali, mnunuzi mgeni aliyeketi kiti cha nyuma.

"Vuta pumzi ndani, Jenerali."

"Nimeshavuta! Wakorea walinirusha jana kwa ndege yao bila vituko hivi."

Chini ya ngazi, mkurugenzi wa mauzo alisema kwa Kicheki, huku akimtabasamia mgeni, "Mrushe hivyo hivyo, bwana. Mzunguko mmoja tu, polepole. Tukiikosa na zabuni hii, kiwanda kinafungwa."

Radovan alijua kwamba kiti kile kikilazimika kumfyatua mtu nje ya ndege, asiyefungwa mkanda huvunjika mgongo. Alijua pia kwamba amechoka. Mwaka mzima wageni walikuja hapa nje ya Praha, wakala bata, wakanywa bia, wakapiga makofi, kisha wakaenda kununua ndege kwingine.

Aliuachia mkanda.

"Shuka, Jenerali."

"Umesemaje?"

"Huruki na mimi leo. Shuka."

Jenerali akajaribu kuinuka kwa hasira, akanasa. Ikabidi mkurugenzi mwenyewe apande kumvuta.