Magoti ya Mzee Mrutu

Sheria ilikuwa haibembelezeki: mzee mwenye viungo vilivyosagika hubadilishiwa sehemu moja tu, magoti au vidole. Mzee Mrutu na mkewe Nakijwa wakagawana.

"Wewe chukua magoti, Baba Niwaeli, utuendee sokoni," mkewe alimwambia. "Mimi nichukue vidole, nikufungie vifungo."

Wakacheka, na kweli wakaishi hivyo, raha mustarehe.

Leo Mzee Mrutu alifika makaburini akiwa amewatangulia vijana, koti likiwa wazi kifuani. Alipiga magoti kando ya kaburi la Nakijwa bila taabu yoyote, akanyoosha mkono achote udongo wa kumuaga. Vidole vyake vilivyopinda vikagoma kufumba. Udongo wote ukamponyoka. Akageuka, kama alivyozoea, kumwomba Nakijwa amchotee.